Herufi Yenye Meno Matatu

Mpaka leo nikiiona herufi ile kwenye mwimo wa mlango wa mtu, nashusha pumzi kwanza ndipo naendelea na safari yangu. Wenzangu kazini hudhani nimechoka na ngazi. Sijachoka. Nakumbuka Ijumaa moja ambayo nusura nimvunje moyo mzee wa watu kwa sababu ya adabu niliyofunzwa kwetu. Adabu nzuri kabisa, ila niliipeleka mahali sipo.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Naishi Thamesmead, na mzee niliyepangiwa wakati huo alikuwa akikaa Stanmore, kule ambako treni yenyewe hufika ikakoma. Kila asubuhi niliupasua mji kutoka pembe hadi pembe, basi kisha treni, na nilipofika nilikuwa nimeshawachukia watu wote niliokaa nao. Mzee huyo alikuwa Myahudi, fundi saa aliyestaafu, amefiwa na mke, na umri wake ulishapita themanini na tano. Alikuwa mkali. Mimi pia si mpole, na siku ya kwanza tulipimana kwa macho kama majirani waliogombania ukuta.

Nilipewa ufunguo wa nyumba, lakini nilipofika mlango wa chumba chake cha kulala nilisimama nikasema, "Hodi." Ilinitoka tu. Mimi mtu wa Mombasa. Hata chumbani kwa mama yangu siingii bila hodi, seuze kwa mwanamume nisiyemjua. Akaniuliza nimesema nini. Nikamweleza. Akaniuliza mwenye chumba hujibu nini. Nikamwambia, "Karibu." Akalijaribu neno lile mdomoni mara mbili tatu, ile r ikimtokea kooni, na tangu siku hiyo ikawa sheria. Nikisahau kusema hodi, alinyamaza kimya akatazama dirishani, kana kwamba aliyeingia ni upepo.

Katika kila mlango wa nyumba ile, isipokuwa wa choo na bafu, kulikuwa na kasha jembamba lililopigiliwa upande wa kulia, juu kidogo ya bega langu, limeinama upande. Wao huliita mezuza. Juu ya kila kasha palikuwa na herufi moja, yenye meno matatu yaliyosimama juu ya kitako kimoja. Mzee hakupita mlango bila kuigusa herufi hiyo kwa vidole kisha kuvibusu. Mkono wake ulipoanza kukataa kupanda, nikawa namshikia kiwiko na kumsukumia juu, huku nikimwambia afanye haraka, uji unapoa.

Siku moja nikamuuliza, "Mzee, hii si shin?"

Akanigeukia. "Nani kakwambia?"

Nikamwambia sikuambiwa na mtu. Nilisoma chuo cha Kurani nikiwa mdogo, nimechapwa kwa ajili ya alfabeti ya Kiarabu, na katika alfabeti ile kuna herufi yenye meno matatu iitwayo shin. Akachukua kalamu, akaandika ya kwake pembeni mwa gazeti. Nami nikaandika ya kwangu, nikaitia nukta zake tatu juu. Akaziangalia muda mrefu zile mbili zilivyokaa pamoja, kisha akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka, na nikagundua kuwa meno yake ya chini yote ni ya kwake mwenyewe.

Ndipo aliponieleza. Alisema herufi ile inaanza jina moja la Mungu, jina la uweza, na pale mlangoni watu wao huisoma pia kuwa ni Mlinzi wa milango. Hiyo hiyo ndiyo inayoanza neno lao la amani na neno la siku yao ya mapumziko. Wengine wakiitazama huona moto, ndimi tatu juu ya kaa moja. Baba yake alikuwa na maelezo yake mwenyewe ya yale meno matatu, lakini hayo, alisema, angeniambia siku nikiacha kumharakisha.

"Na ndani ya kasha mna nini?" nikauliza.

"Maneno ya Mungu, yamekunjwa."

Basi. Nikasema moyoni, hii ni hirizi, nimeshaelewa. Bibi yangu alikuwa na yake juu ya mlango, imeshonwa katika kitambaa cheusi, na sheria za hirizi nilizijua kabla sijajua kujisuka nywele. Hirizi huandikwa kwa ajili ya mtu fulani, kwa jina lake. Haiingizwi chooni. Ikikanyagwa, imekufa. Na iliyokufa haitupwi kwenye pipa pamoja na maganda ya viazi; hupewa moto au maji yanayokwenda. Hayo ndiyo niliyoyajua. Kwamba huenda kwa Mzee mambo ni mengine, hilo halikunijia, na sikuuliza. Kosa langu lilianzia hapo, kwa kudhani najua.

Jumapili moja ya mwezi wa Novemba Mzee akashikwa na kifua, akalazwa. Nikaambiwa atarudi Ijumaa, na kwamba kitaletwa kitanda cha hospitali, kile kinachopanda na kushuka kwa umeme. Jumatatu nikaenda kukitoa kile cha zamani. Ningeweza kumsubiri mtu anisaidie, lakini mimi sina kifua cha kusubiri. Nikakiinua upande, nikakisukuma kwa tumbo, na pale mlangoni pembe ya kitanda ikalipiga kasha. Lilikuwa la plastiki, limezeeka, likapasuka vipande vipande. Nikarudi nyuma kuona nimevunja nini, nikahisi kitu chini ya kiatu.

Nilikuwa nimeikanyaga.

Nilisema astaghfirullahi mara sijui ngapi. Nikaiokota, kikunjo kidogo kama sigara, kimebonyea katikati, na kwa nje kina ile herufi peke yake. Nikavua viatu, nikaketi juu ya kitanda kilichokwama mlangoni nikalia kidogo. Kisha nikajifuta machozi nikafanya kama nilivyofunzwa. Nikaifunga katika kitambaa cheupe kisafi, nikarudi nayo Thamesmead, nikampelekea bibi wa chini.

Bibi wa chini ni mama mmoja wa Kizanzibari anayekaa ghorofa ya kwanza katika jengo letu. Alikuwa akisomesha watoto chuo zamani, na watu wengi wa pale kwetu wenye kurasa chakavu za msahafu, juzuu zilizochanika, hata kadi za harusi zilizoandikwa bismillahi, humpelekea yeye. Huzikusanya katika mfuko wa kitambaa, hutia jiwe, na kila Alhamisi magoti yakimruhusu hupanda kivuko cha Woolwich, akifika katikati ya mto hukaa upande usio na watu, akazisomea, akaziteremsha majini. Nilimwambia, "Bibi, hii karatasi ya mzee wangu wa kazini, imekanyagwa. Nisitirie." Alikuwa jikoni mikono imejaa unga. Akanielekeza kwa kidevu niiweke mezani.

Nikalala nimetulia. Kesho yake nikafanya na la ziada, maana niliona aibu ya kasha. Nikashuka Edgware, katika duka linalouza vitu vyao vya ibada, nikachagua kasha zuri la fedha lenye shin kubwa inayong'aa. Mwenye duka akaniuliza kama nalitaka pamoja na maandishi au tupu. Nikamjibu kwa uhakika kabisa kwamba tupu, mwenyewe akirudi ataandikiwa mapya na shehe wao. Alinitazama kidogo, lakini akanifungia. Jioni nikalikaza kwa skrubu mlangoni kwa Mzee, nikaliweka wima sawasawa, tena nikajipongeza kwamba yale mengine yote yamekaa upande na hili la kwangu limenyooka.

Ijumaa asubuhi wakamleta. Alikuwa amekonda, ngozi ya shingo imelegea, lakini macho yaleyale. Nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi mlango wa chumbani, akainua uso akaiona herufi mpya. Akatabasamu. Nikamshika kiwiko, tukapandisha mkono pamoja, akagusa, akabusu vidole. Nilijiona mtu wa maana sana.

"Umenunua wewe?"

"Mimi. La zamani nililivunja, nisamehe. Nilikuwa nahamisha kitanda."

"Si kitu, lilikuwa plastiki." Akaligusa tena, safari hii kwa kucha, likalia kama kopo. "Na maandishi yake?"

Nikamwambia kwa sauti nzuri ya heshima kwamba yalikanyagwa, kwa bahati mbaya, yakafa, na nimeyastiri kwa adabu zote katika maji.

Sijapata kuona uso wa mtu ukiondoka vile. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga, maana kelele nazijua. Alikaa akitazama lile kasha la fedha, mkono wake umebaki pajani kiganja kikiwa juu, kisha akasema polepole, "Hiyo herufi ni jina juu ya bahasha tu. Barua ndiyo iliyokuwa ndani." Na nilipoanza kumweleza habari za kuandikiwa mapya akatikisa kichwa. Hayaandikwi kwa jina la mtu, akasema, wala hayafi kwa kukanyagwa. Maneno ni yaleyale katika kila mlango. Lakini yale yalikuwa mlangoni kwa baba yake, mashariki ya mji, katika chumba kimoja walimolala watu sita. Nyumba ile ilipobomolewa baba yake aliyatoa kwa mkono wake, akaja kumpa yeye siku alipooa. Alipita chini yake na mke wake. Mke wake naye alipita chini yake alipokuwa akitolewa kwenda kuzikwa.

"Niache hapa," akasema. Hakutaka kuingia chumbani. Akakaa pale ukumbini, ametazama mlango wake mwenyewe kama mgeni.

Nilikimbilia jikoni nikampigia bibi simu. Ikaita, ikaita. Bibi huiweka simu katika mtoto wa meza ili isimsumbue. Na hapo ndipo nilipokumbuka kuwa jana yake ilikuwa Alhamisi.

Mwenzangu wa zamu ya mchana alipofika saa sita, nilikuwa nimeshavaa koti. Nilimwambia Mzee nakwenda kuyatafuta. Hakunitazama. Alisema tu, "Jua linazama saa kumi na robo." Nilijua maana yake. Jua likizama Ijumaa yeye haandiki, hawashi taa, hakazi hata skrubu moja, mpaka Jumamosi usiku.

Sitaieleza njia yote. Nilikaa ndani ya treni nikifikiri kuhusu mto, na jinsi maji ya Thames yalivyo na rangi ya chai ya juzi, na kwamba hata nikimpata mwenye kivuko nitamwambia nini. Niliogopa. Sikuogopa kufukuzwa kazi. Kazi za kufuta wazee hazijawahi kuisha mji huu. Niliogopa kurudi mikono mitupu nikamkuta bado amekaa pale ukumbini. Katika basi nilimwomba Mungu nikijua kabisa kuwa ninamwomba arudishe nyuma Alhamisi.

Nilibisha mlango wa bibi nikaingia kabla hajamaliza kuitikia.

"Bibi, jana ulikwenda kivukoni?"

"Nimekwenda, ndiyo. Magoti yaliniwacha kidogo. Fuko zima nimeliteremsha, alhamdulillahi."

Nikakaa chini, sakafuni, na koti langu.

"Una nini wewe? Umefiwa?"

"Ile ya kitambaa cheupe, Bibi. Ile karatasi ya mzee wangu."

"Ah, ile." Akapangusa mikono. "Ile ipo."

Nikainua uso.

"Ipo kabatini, juu ya msahafu. Umenletea ngozi ukanambia karatasi. Mikono hii ishashika karatasi miaka mingapi? Nilipoifungua niisomee, naona maandishi siyajui, na wino unawaka kama umetiwa jana. Nikasema hii haijafa hii, imezimia tu. Na mie nisichokisoma sikipeleki majini. Ntamuelezaje Mola wangu nilichomrudishia?"

"Sasa mbona hukunipigia?"

"Nikupigie kwani si Ijumaa unakuja kula? Biriani liko motoni. Nikasema ukija ntakugomba hapahapa." Na kweli akanigomba, huku mimi nimemkumbatia miguu nacheka na kulia, na yeye akinisukuma kwamba namrowesha kanga. Nilihisi kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Nilikula matonge mawili nimesimama, kwa kulazimishwa, nikaondoka na kile kitambaa ndani ya nguo, kifuani.

Nilifika Stanmore saa tisa na nusu na dakika kadhaa. Niliingia mbio, nikapita mlango wa mbele, nikamkuta palepale ukumbini, hajaingia chumbani kutwa nzima. Mwenzangu alikuwa amemwekea blanketi magotini na chai ambayo hakuinywa. Nikapiga magoti mbele yake nikakifungua kile kitambaa.

Alinionyesha kwa kidole droo ya meza, nikamletea kile kioo cha fundi saa kinachobanwa jichoni. Akakibana. Akaikunjua ile ngozi juu ya blanketi, kidogokidogo, na mikono ambayo asubuhi ilikuwa haiwezi kushika kijiko ikawa haitetemeki kabisa. Alikuwa amenieleza zamani kwamba herufi moja tu ikikatika, yote hayafai tena. Ilikuwa mistari ishirini na miwili. Alianza mstari wa kwanza, herufi moja baada ya nyingine, midomo ikimchezacheza. Nami nikahesabu naye mistari kwa jinsi kichwa chake kilivyokuwa kikigeuka. Alama ya kiatu changu ilikuwa pale katikati, mkunjo mmoja mweupe, na alipoufikia alisimama. Nikafumba macho.

"Umepita kati ya mistari," akasema. "Haukugusa kitu." Akamaliza mpaka wa mwisho, akakitoa kioo jichoni, na jicho lile lilikuwa limejaa maji. "Zote zipo."

Wiki iliyofuata mwandishi wao mwenyewe alikuja akazikagua, akasema vilevile. Lakini mimi nilipona pale pale, kwa neno lile la Mzee.

Nilimwomba radhi. Akaniambia nivute droo ya chini. Ndani mlikuwa na vitabu vya sala vilivyopasuka migongo, kurasa zilizofungwa kwa uzi, mfuko wa velveti uliotoboka. "Hivi navyo vinasubiri," akasema. "Sisi tunavizika ardhini, nyinyi mnavipa maji. Heshima yako haina kosa, binti. Kosa lako ni kutaka kuzika aliye hai. Siku nyingine uliza."

"Nitauliza."

"Sasa lete bisibisi. Na hilo kasha umeliweka wima kama mlingoti."

Akanieleza kwamba wakubwa wao wa zamani walibishana, huyu akisema lisimame, huyu akisema lilale, na watu wakaamua kuliinamisha, kati ya kusimama na kulala, ili wote wawili waheshimiwe. Nikaliinamisha kama alivyotaka. Aliyakunja yale maandishi mwenyewe, akayatia ndani, herufi ikitazama nje, nami nikakaza skrubu ya juu na ya chini huku yeye akisoma dua fupi. Dirishani anga lilikuwa limeshaanza kuwa jekundu. Nikamshika kiwiko, tukapandisha mkono.

"Baba yangu," akasema, vidole vikiwa bado juu ya herufi, na mimi kwa mara ya kwanza sikumharakisha, "alikuwa akisema mlango una watu watatu. Anayetoka, anayebaki, na anayebisha. Akikosekana mmoja, huo si mlango, ni ukuta tu wenye bawaba. Ndiyo haya meno matatu. Hakuna kitabu kinachosema hivyo. Ni yeye tu alisema."

Akabusu vidole vyake, akayazungusha yale magurudumu mwenyewe, akaingia chumbani. Nikamfuata na bisibisi mkononi. Hakunigeukia. Alikuwa ametazama dirishani, kana kwamba aliyeingia ni upepo.

Nikaelewa. Asubuhi niliingia na kiburi changu, jioni niliingia mbio, sasa nimemfuata mpaka chumbani, na kote huko sikubisha. Nikarudi nyuma hatua mbili mpaka ukumbini, nikasimama chini ya ile shin, nikatengeneza mtandio wangu.

"Hodi," nikasema.

Alinyamaza kidogo, makusudi, namjua.

"Karibu," akasema, na ile r yake ya kooni, nami nikaingia.